Koleo la Mama

Mama alimpa chai katika kikombe cha padri.

Sabina Ruane alikitambua mara tu kilipotua mezani. Kilikuwa kikombe cheupe chenye ukingo wa dhahabu, kilichokaa kabatini tangu yeye mtoto, kikitolewa tu padri anapokuja kusoma misa nyumbani au daktari anapokuja kusema kwamba hana la kufanya. Watu wa nyumba ile hawakukinywea. Sabina mwenyewe alikua na kopo la buluu lililobanduka rangi mdomoni, na kopo lenyewe alikuwa akiliona pale pale, limening'inia kwenye msumari wake kando ya meko, kama vile halimjui.

"Nipe lile la buluu, mama."

"Lile siku hizi la kunyweshea ndama," mama alisema. "Kunywa, mwanangu. Umetoka mbali."

Alikuwa ametoka Birmingham, kwa treni, kisha meli, kisha treni nyingine, na mwisho gari la punda la kaka yake Malachy. Aliondoka kijijini kwao Cloonaveel masika ya mwaka 1940 na sanduku la kadibodi, akisema atarudi Krismasi. Mabomu yakaanza, ruhusa za kuvuka bahari zikawa ngumu, na Krismasi ile ikaja miaka sita baadaye, mwishoni mwa Aprili, vita vimekwisha na kiwanda kimempa likizo ya wiki mbili.

Mama yake, Nonie Ruane, alimlisha kama ndama anayepelekwa kwenye maonyesho. Alikuwa amesikia kwamba kule Uingereza mtu hupewa yai moja kwa wiki, basi kila asubuhi alimchemshia matatu na kusimama kando mpaka ayamalize. Sabina naye alikuwa amesikia kwamba nyumbani chai imekuwa adimu kama dawa, na majira yote ya baridi alijinyima mgao wake ili alete pakiti. Mama alijinyima siagi na nyama ya nguruwe ya chumvi ili binti azikute. Wakawekeana mezani, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma, na hakuna aliyekula kwa raha.

Alilazwa chumba kizuri, chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kwenye shuka zilizotolewa sandukuni. Hakuruhusiwa kuchota maji. Hakuruhusiwa kukama ng'ombe. Alipoinuka kuosha sahani, Malachy alimnyang'anya kitambaa, yeye ambaye zamani alikuwa akijificha zizini sahani zikionekana.

Jioni majirani walikuja kumtazama. Wa kwanza alikuwa Bartley Durkan wa nyumba ya chini, mzee aliyekuwa na maneno ya kumtosha yeye na kijiji kizima.

"Hebu sema tena habari za safari," alimwambia. "Anaongea kama redio, huyu. Nonie, mzungushe kitufe tusikie hali ya hewa."

Wakacheka wote, na Sabina akacheka. Wakamuuliza kama ni kweli kwenu kule maziwa huja na chupa mlangoni. Kama ni kweli kwenu wanawake huvaa suruali kiwandani. Bartley alisema, bila ubaya, akigonga kiko chake, kwamba vita vimewaneemesha wengi, maana waliokwenda wote wanarudi na makoti mazuri. Sabina alilitazama koti lake kwenye kigingi. Alilinunua kwa mjane ambaye mumewe hakulihitaji tena. Lilikatwa upya likamfaa. 

Kwenu, walimwambia. Na kule Birmingham, kwa kuwa nchi yake haikuingia vitani, vilevile walimwambia kwenu: kwenu hamkupigana, kwenu mlilala taa zikiwaka, kwenu mna siagi. Usiku wa zamu yake juu ya paa la kiwanda, akiwa na kofia ya chuma na ndoo ya mchanga akingojea mabomu ya moto, hata yeye aliwahi kuwaza hivyo hivyo kwa uchungu. Wamelala. Mama amelala, Malachy anakoroma, Bartley amelewa, na hakuna anayejua kwamba mimi niko juu ya bati nasubiri mbingu ianguke.

Mama alimuuliza habari za viatu, za bei ya nyuzi, za mama mwenye nyumba, za meno. Vita hakuvigusa. Ungedhani Sabina alikuwa kwenye kozi ya ushonaji.

Alichokuja kutafuta hakikuwa siagi. Alitaka kujua jambo moja: kama bado ni mtoto wa nyumba hii, au amekuwa mgeni anayependwa. Wageni hupendwa sana Cloonaveel. Kisha husindikizwa.

Ilikuwepo kazi moja ambayo mama hakumpa mtu yeyote, mgeni wala mwenyeji. Kila jioni, kabla ya kulala, alipiga magoti mbele ya meko, akashika koleo lake la chuma, akachagua makaa mazima ya udongo wa kinamasi, ule unaochimbwa na kukaushwa uwe kuni, akayapanga moja moja na kuyavumbika chini ya majivu, midomo ikimchezacheza kwa sala isiyosikika. Asubuhi aliyafukua yangali mekundu. Moto ule, walivyoambiwa tangu utotoni, haukuwahi kuzimika tangu babu wa baba yao alipoezeka paa la nyumba. Ulivuka njaa, ulivuka misiba, ulivuka askari waliovunja mlango. Binti wa nyumba alipoolewa alibeba kaa moja kwenye chungu na kwenda kuwasha meko ya kwake, lakini moto wenyewe ulibaki.

Siku yake ya pili Sabina aliomba amsaidie kuvumbika.

"Mikono yako imezoea jiko la gesi," mama alimwambia, akitabasamu, koleo halikumtoka mkononi. "Nenda kapumzike."

*

Siku ya tatu, ambayo ilikuwa siku ya mwisho ya Aprili, mzee Festus Gaughan wa kilimani aliaga dunia, na mama na Malachy wakaenda kukesha na maiti mpaka asubuhi, kama ilivyopasa. Sabina alishavaa koti lake. Mama akamvua taratibu, akisema amechoka na safari, na mkesha si mahali pa mtu wa likizo. Mama akavumbika moto mapema, akajifunga shali, wakaondoka.

Kulipokucha, Sabina alikuwa ameketi sakafuni mbele ya meko, miguu mitupu ndani ya tope jeusi, ndoo tupu mapajani.

Alijua ilivyotokea, ingawa hakukumbuka kuifanya. Ndani ya majivu kilikuwepo kipande cha mti wa kinamasi, ule mti mkavu wa kale unaochimbwa pamoja na udongo, na mti ule ukishika moto hupasuka kwa kishindo na kurusha cheche. Ulipasuka. Mwili wake ulisikia paa la kiwanda. Alipozinduka alikuwa amekwisha kusimama mekoni, na maji yote ya mama ya asubuhi yalikuwa yamekwisha kumwagwa, barabara, katikati ya moto, kama alivyofundishwa kurusha mchanga.

Alichokora kwa vidole mpaka chini kabisa. Hakukuwa na hata chembe. Uji mweusi tu, baridi.

Juu ya rafu ya meko kilikuwepo kiberiti cha Malachy. Sabina alikishika. Kulikuwa na udongo mkavu wa kutosha kwenye kikapu. Angekausha sakafu, angewasha, na mama angerudi akute birika linachemka. Hakuna ambaye angejua. Mama angevumbika moto ule jioni, angeupigia magoti, angeuombea, na Sabina angekaa kwenye chumba kizuri akimtazama mgongo.

Akakirudisha kiberiti juu ya rafu. Akavaa viatu bila soksi, akavaa koti la marehemu wa Birmingham juu ya vazi la kulalia, akachukua chungu cha chuma chenye mfuniko, akatoka.

Alikuwa amefika kwenye lango la Durkan ndipo alipokumbuka ni siku gani.

Delia Durkan, mke wa Bartley, alimsikiliza akiwa amejiegemeza kwenye nusu ya chini ya mlango. Juu ya kizingiti alishafunga maua ya manjano ya Mei. Alikuwa mwanamke mwema. Aliwahi kumnyonyesha Malachy mama yao alipougua. Uso wake ukaonyesha huruma, lakini mlango hakuufungua.

"Leo Mei mosi, Sabina."

"Nilisahau, mama Delia."

"Leo hata chumvi haitoki. Maji hayatoki. Moto ndio kabisa. Ukitoka leo, baraka ya nyumba inaufuata, na mwaka mzima siagi haigandi." Alimtazama vifundo vya miguu vilivyojaa masizi. "Ungekuja jana ningekupa meko nzima. Kesho njoo. Lakini hivi, mwanangu, kwenu huko hakuna viberiti?"

Sabina alimshukuru. Hapo barabarani, chungu kitupu kikimgonga paja, ndipo alipotaka kulia, si kwa sababu ya moto bali kwa sababu ya lile neno kwenu, lililotamkwa kwa upole kama mtu anayempa mgeni mwavuli.

Ilibaki nyumba moja. Shangazi Attracta, dada wa marehemu baba yake, aliolewa kwa akina Loftus ng'ambo ya kinamasi, na moto wake aliutoa kwenye meko ya Ruane siku ya harusi yake. Lakini shangazi Attracta alikuwa na ulimi wa kukatia nyasi, na siku ya kwanza Sabina alimdanganya.

*

Uwongo wenyewe haukuwa wake. Ulikuwa wa Colman, mtoto wa pekee wa shangazi, ambaye naye yuko Birmingham. Colman alimsindikiza stesheni, akamshika mkono dirishani na kumwomba aseme kwamba yeye ni msimamizi, ana chumba chenye zulia, na kwamba kazi imembana ndiyo maana haji. Sabina aliyasema yote, na akampa shangazi kitambaa cha hariri cha kichwani, zawadi kutoka kwa mwanawe. Shangazi alikikunja, akasema ni kizuri, akakiweka.

Sasa alimkuta akiwatupia kuku mabaki ya viazi, kichwa wazi.

"Mbona umevaa hivyo, umefukuzwa?" shangazi aliuliza.

"Nimeuzima moto, shangazi."

"Moto gani?"

"Wa nyumbani. Nimeumwagia ndoo ya maji."

Shangazi Attracta akaweka bakuli chini. Hakumgombeza. Alimwingiza ndani, akamkalisha kwenye kigoda, akamfuta miguu kwa aproni yake mwenyewe, kama anavyofutwa mtoto, na Sabina akaona kwamba nyumba ile, ambayo Colman aliandikiwa kuwa imeezekwa upya, ilikuwa na beseni katikati ya sakafu na jingine juu ya kitanda, yote mawili yakikinga maji ya mvua ya jana. Meko ilikuwa hai. Moto ulikaa mle mwekundu, mtulivu, umejaa.

"Haya. Uliumwagia kwa nini?"

Basi akamwambia. Alimwambia kuhusu mti uliopasuka, na kwa sababu hiyo ikabidi amwambie kuhusu paa, na mabomu madogo ya moto yaliyoanguka kama viazi kutoka kwenye gunia, na jinsi unavyojifunza kurusha mchanga kabla akili haijaamka. Hakuwa amemsimulia mtu. Kule kila mtu alikuwa na yake, na huku hakuna aliyeuliza.

Shangazi aliyapanga makaa kwa mguu wa koleo, ingawa yalikuwa yamepangika.

"Na Colman?"

"Colman ni..."

"Usinipe zulia tena. Kile kitambaa kimechaguliwa na mwanamke. Mwanangu hawezi kuchagua hata viazi. Ulikinunua wewe."

Sabina akainamisha kichwa. "Nilikinunua mimi."

"Si msimamizi."

"Anabeba vifusi, shangazi. Mji ule ni vifusi vitupu, kazi ya miaka. Analala chumba kimoja na wanaume wengine. Wakati wa mabomu hakuwa hata na zamu. Alikuwa anakuja tu. Usiku mmoja nyumba za mtaa wa nyuma yetu zilianguka, akachimba kwa mikono mpaka asubuhi, kucha zikang'oka. Alitoa mama mmoja na watoto wake, wazima. Wale watu hadi leo wanamwita chakula cha Jumapili. Anaona haya kuja mikono mitupu, basi. Anasema utamwona mjinga, ameenda Uingereza miaka yote na hana hata saa ya mkononi."

Shangazi Attracta aliliegemeza koleo ukutani. Nje kuku waligombana.

"Mimi nimemwandikia kwamba paa ni jipya," alisema. "Nimemwandikia ng'ombe amezaa. Ng'ombe nilimuuza mwaka juzi. Sikutaka aone haya kwamba ametuacha. Unaona? Sisi tunamdanganya yeye, yeye anatudanganya sisi, na posta inakula stempu." Akajifuta pua. "Mwambie aje na mikono yake hiyo hiyo isiyo na kucha. Nina paa la kuezeka."

"Nitamwambia."

"Na kwa nini hamsemi mambo haya?"

"Hamuulizi, shangazi."

"Tunaogopa kuuliza, wewe binti. Mtu akikuuliza, utajibu." Alilichukua koleo. "Lete hicho chungu."

Sabina hakukinyanyua. "Leo Mei mosi. Baraka ya nyumba..."

"Nani kasema natoa? Moto huu niliutoa mekoni kwa baba yangu, siku ya harusi, huku mvua inaninyeshea na shela limeniganda usoni. Haujawahi kuwa wangu. Unarudi kwao, hautoki." Akachagua makaa makubwa, akayaweka chunguni juu ya majivu, akayafunika kwa majivu mengine, akabana mfuniko. "Na isitoshe, siagi yangu haigandi miaka yote, Mei au Disemba, sina ng'ombe. Nenda, usikimbie ukaanguka. Ukifika, mwulize mama yako habari za Novemba ile."

"Novemba ipi?"

"Mwulize yeye. Mimi siyo redio."

*

Alitembea juu ya kinamasi kwa njia ya mkato, akikumbatia chungu ndani ya koti, joto likimpita tumboni. Zamani aliijua njia hii kwa miguu mitupu. Mara mbili alikosea akazama hadi kwenye magoti, mara zote mbili akinyanyua chungu juu kama padri anayeinua hostia, na mara ya pili alijikuta anacheka peke yake.

Mama alikuwa amerudi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya meko nyeusi, bado na shali la mkeshani, mikono imelala mapajani. Tope la majivu lilikuwa limefika hadi mlangoni. Malachy alisimama nyuma yake, rangi imemtoka, na alipomwona dada yake alitoa pumzi kama mtu aliyetua gunia.

"Nilitazama kutoka kilimani," mama alisema. "Kila asubuhi huwa kuna uzi wa moshi. Leo haukuwepo. Nikaja mbio, nakuta maji, na koti lako halipo kwenye kigingi." Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nikadhani umeondoka. Nikasema, tumemkirimu mpaka amekimbia."

"Sanduku langu lipo chumbani, mama."

"Malachy aliniambia. Sikumsikia."

Sabina akapiga magoti kwenye tope na kuweka chungu kati yao. Akasema lililotokea, lote, mti na ndoo, na kwamba alishika kiberiti kisha akakiacha, na kwamba moto huu ni wa kwa shangazi. Alisema anajua haiwezi kuwa sawa na ule. Alipomaliza alingoja.

"Ulipozinduka," mama aliuliza, "ulikuwa unaogopa nini?"

Lilikuwa swali la kwanza la vita. Lilitoka polepole.

Sabina akamjibu. Malachy alikaa kwenye kizingiti, akavua kofia. Mama alisikiliza akiushika ukingo wa koti la binti yake, akiukunja na kuukunjua, mpaka Sabina akafika kwenye mwisho, ambao haukuwa mwisho hasa, bali alichoka tu.

"Shangazi amesema nikuulize habari za Novemba."

Mama akatoa sauti, nusu kicheko. "Attracta hawezi kufa na neno tumboni." Akamtazama Malachy, Malachy akatazama kuku. "Ulikuwa mwaka ule ule ulioondoka. Tulikuwa kwa Bartley, kwenye redio. Mtangazaji akasema Birmingham inaungua. Alisema hivyo tu, kisha akaingia kwenye bei ya ng'ombe. Sikutoka pale. Bartley alitaka kuizima redio kulinda betri, nikamwambia akiizima nitamvunjia. Tumekaa mpaka alfajiri, mimi na Delia na yeye, tunasikiliza miluzi mitupu. Niliporudi, sikuwa nimevumbika. Majivu yalikuwa baridi kama haya."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda na chungu hiki hiki kwa Attracta. Akaapa hatasema." Akagusa mfuniko. "Kwa hiyo moto ulioumwagia maji haujafikisha hata miaka sita, mwanangu. Wala usijivune."

Malachy ndiye aliyeanza kucheka. Mama akafuata, akijiziba mdomo kwa shali kwa sababu bado walikuwa kwenye msiba, na Sabina alicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye masizi usoni. Alimfikiria Bartley na betri yake na kiko chake, akisikiliza miluzi mpaka alfajiri, kisha miaka sita baadaye akimtania kuhusu koti. Alikuwa amewaona wamelala. Kumbe hawakulala.

"Haya, makaa yatakufa tukicheka," mama alisema. Alinyoosha mkono, akachukua koleo kwenye ndoano yake, akalishika kidogo kama anayepima uzito. Kisha akamgeuzia Sabina mpini.

Sabina hakulipokea mara moja.

"Mikono yangu imezoea gesi."

"Itazoea. Weka makubwa nyuma, madogo mbele. Usipulize kama unazima mshumaa, puliza kama unampoza mtoto uji."

Aliweka makubwa nyuma na madogo mbele. Akaegemeza udongo mkavu juu yake, vipande vimesimama vimeinamiana, akapuliza kama alivyoambiwa. Moshi ulimwingia machoni. Malachy akatumwa maji, na safari hii mama alisema dada yako akimaliza atakwenda kukama, kwa maana ng'ombe hawajui habari ya likizo. Birika lilipochemka, mama alipita mbele ya kabati bila kugeuka, akang'oa kopo la buluu kwenye msumari, akalipangusa kwa aproni na kulijaza.

"Na ndama je?" Sabina aliuliza.

"Ndama atanywea kikombe cha padri."

Jioni, waliporudi kutoka kumzika mzee Festus, na jua bado lingali juu ya kinamasi kama linavyochelewa mwezi wa Mei, Sabina alipiga magoti mekoni na mama akakaa pembeni na kigoda. Alichagua makaa. Alipoweka la kwanza, mama alitaja jina la Phelim, kaka yao mkubwa aliyeko Chicago, kwa sauti ya chini lakini ya kusikika. La pili, Dympna, dada yao aliye mtawa Liverpool. Hapo ndipo Sabina alipoelewa midomo ile ilikuwa ikicheza kwa nini, tangu siku zote.

La tatu alilishika juu kwa koleo. Mama alinyamaza.

"Colman," Sabina akasema, akaliweka.

"Vyema. Colman. Na jingine."

"Limebaki la nani, mama? Mimi niko hapa."

"Uko hapa leo. Wiki ijayo uko kwenye meli." Mama aliinama, akamrekebishia kidole kwenye mpini. "Jitaje, mwanangu. Nimekutaja peke yangu miaka sita, nimechoka."

Sabina akachagua kaa zuri, jekundu hadi ndani, akaliweka katikati ya mengine na kusema jina lake. Kisha wakavuta majivu juu, yeye kwa koleo na mama kwa kiganja, mpaka pakawa patupu na kijivu, kama vile hapana kitu chini yake.